M. Emmet Walsh hakuwa jina la pembeni

Mhariri,

Kumbukumbu nyingi za M. Emmet Walsh, mwigizaji wa filamu wa Marekani aliyefariki Machi 2024 siku 3 kabla ya kutimiza miaka 89, zimeishia kutaja Blade Runner (1982) na kuhesabu filamu zake. Hesabu hiyo haielezi kazi yake.

Tazameni Blood Simple (1984), alipocheza mpelelezi wa kukodiwa. Suti ya njano iliyochakaa, jasho usoni, kicheko cha koo. Mwigizaji wa kawaida angemkunjia uso mtu mwovu kama huyo. Walsh alimfanya mchangamfu, na ndiyo maana anatisha. Mwishoni amelala chini ya sinki la bafuni, risasi tumboni. Mwanamke upande wa pili wa ukuta anamdhania kuwa mtu mwingine, na mpelelezi anaangua kicheko. Kisha anatazama tone la maji likijaa taratibu kwenye bomba juu ya uso wake. Macho tu ndiyo yanayofanya kazi hapo.

Nafasi hiyo ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika Independent Spirit, tuzo za filamu huru za Marekani, za kwanza kabisa, 1986. Tuzo ya steringi, si ya msaidizi! Hilo magazeti yameliruka.

Sikio lake la kushoto halikusikia tangu utotoni, lakini sauti yake ndiyo iliyotafutwa hata kwa televisheni: imo katika The Civil War (1990), makala ya televisheni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mkirudia habari zake, anzeni na lile tone.

Wapenzi wa filamu za zamani