Usiniulize tarehe, niulize korosho

Newala, Mtwara
25 Agosti

Kwako somo yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku kwetu sote hatujambo. Mama anakusalimu sana, goti lake limetulia tangu baridi ya Julai ilipotuondokea. Barua yako ya kutoka Arusha imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unataka nikuandikie sherehe zetu za kila mwaka pamoja na tarehe zake, upate kuwapangia wageni wako safari. Hizo tarehe ndizo zilizonikalisha na kalamu jioni nzima.

Zenye tarehe zipo, nazo nazitaja upesi. Nanenane ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, na kilele chake ni tarehe 8 Agosti, kwa hiyo mwaka huu imeshatupita. Maulidi yanafuata mwezi, hilo unalijua. Mtwara mjini limekuwa likifanyika tamasha la MaKuYa, jina lililounganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao. Mgeni anayependa kukaa kwenye kiti na kuona ngoma za makabila yote matatu mahali pamoja, huko ndiko kwake.

Lakini somo, mimi nakufahamu. Unataka wageni wako wawaone watu wa huku wakifurahi majumbani kwao, na sisi furaha yetu kubwa ni siku wali, yaani watoto waliokuwa jandoni na unyagoni, wanapotoka. Siku hiyo haiandikwi kwenye kalenda. Zamani watoto walikaa jandoni na unyagoni miezi. Siku hizi shule imewabana, wanaingia wakati wa likizo, ya katikati ya mwaka au ya Desemba. Ya katikati ya mwaka huja chakula kikiwa kimevunwa. Ya Desemba inategemea korosho. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghalani, minada inaanza Oktoba, kisha anasubiri fedha ziingie benki. Zikiingia mapema, utasikia ngoma kila kijiji, mpaka hujui uende wapi uache wapi. Zikichelewa, baba mwenye shughuli anasogeza siku, na hakuna wa kumlaumu. Binamu yangu wa Tanga alikata tiketi kwa tarehe aliyotajiwa miezi miwili kabla, akafika akakuta shughuli imesogezwa mbele wiki nzima. Likizo yake ikaisha akiwa anakula ming'oko barazani kwetu. Niliumia kuliko yeye.

Mwaka jana alitoka binti wa kaka yangu. Usiku ule hatukulala. Wapiga ngoma waliwasha majani makavu pembeni ya uwanja, wakawa wanazipitisha ngoma juu ya moto moja moja. Mzee mmoja aligonga ya kwake kwa kidole, akategesha sikio, akairudisha motoni, akagonga tena, akatikisa kichwa, akairudisha. Alipokuja kuipiga kwa kiganja, niliisikia kifuani. Alfajiri wali wakaletwa wamefunikwa gubigubi. Walipofunuliwa walikuwa wanang'aa kwa mafuta, kanga mpya, macho chini, na nyakanga, mkuu wa mafunzo yao, yuko nyuma yao hacheki na mtu. Kaka yangu, unamjua si mtu wa maneno, akasogea akambandika mwanawe noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Ikateleza kwa mafuta. Akaiokota, akaibandika tena, akaishikilia kwa kidole gumba, na hapo ndipo nilipoona machozi yake.

Mchana wakaja midimu, wale wa vinyago. Kinyago chenyewe ni cha mti mwepesi, kimebandikwa nywele za mtu kweli na kuwekwa chale usoni kama za wazee wetu wa Kimakonde. Mchezaji amefungwa nguo mwili mzima, hata ukucha huuoni, na njuga zinalia miguuni. Watoto wanakimbia wanapiga kelele, baada ya dakika wamerudi. Wageni wako wasiulize ndani yake yumo nani. Sisi wanawake wa hapa hatuulizi.

Hilo linanifikisha kwenye neno ninaloliona zito. Nitawapokea wageni kwenye siku ya kutoka, uwanjani, palipo wazi kwa wote. Kinachofanyika ndani wakati wa mafunzo si cha kuonyeshwa, awe mgeni wa Ulaya au wa Arusha. Na kamera iombwe kwa wazazi kwanza. Wale ni watoto, Zuhura, nisingependa sura ya mpwa wangu izunguke dunia nzima bila baba yake kujua. Usilete basi zima. Watu wanne au watano wanaokubali kuketi mkekani, kula wali kwa mkono na kumtunza mwali chochote walichonacho, hao watapendwa mpaka wataombwa wasiondoke. Wanawake nitawatafutia kanga za sare ya shughuli, nipe tu idadi mapema.

Njia si ngumu. Kutoka Dar mnapanda basi la Masasi, mnapita Lindi, pale Mnazi Mmoja mnakata kulia, Nyangao, Ndanda, mpaka Masasi. Mlale hapo. Asubuhi mpande gari la Newala, na waambie wageni wasisinzie wakati wa kupanda mlima. Mkifika nitawapeleka Shimo la Mungu kabla jua halijazama, waone bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Sweta wabebe hata Desemba, jioni huku juu kuna upepo.

Mwaka huu anaingia mdogo wake yule binti wa kaka, Mungu akipenda. Mikorosho ya kaka imetoa maua mazuri, nimeitembelea jana. Siku nyakanga akitaja siku, nitakupigia simu usiku huohuo. Wewe wageni wako waambie Desemba, wakuachie wiki mbili za kuchezea, na tiketi wasikate mpaka unisikie.

Wasalimie watoto wote.

Ni mimi somo yako,
Somoe