Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Takwimu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, tena mapema kuliko waliokutangulia. Karibu sana.

Mheshimiwa, kazi yetu, kuchora na kuchambua ramani za uhalifu, ina nasaba ndefu. Mwaka 1833 Guerry, mwanasheria Mfaransa, alichapisha ramani za uhalifu wa Ufaransa, na swali lake ndilo letu: kwa nini huku na si kule? Tulianza wanne na kompyuta ya kuazima. Leo tunajivunia kompyuta mbili, moja ikiwa inawaka. Regresheni ya Poisson, yaani hesabu ya kuchambua idadi za matukio, tumeimaliza, na ramani yetu imesifiwa na wote walioiona, yaani walimu wawili.

Sasa, Mheshimiwa, tuingie kwenye jambo lenyewe. Tunaomba takwimu za matukio ya uhalifu mtaa kwa mtaa, zenye tarehe, saa na mahali. Jumla ya mji mzima inaficha mengi. Mwaka 1989, mtafiti wa uhalifu Sherman na wenzake walionyesha kwamba huko Minneapolis, Marekani, takriban asilimia 3 ya anwani na njia panda ndizo zilizotoa nusu ya miito ya kuwaita polisi. Wangepewa jumla tu, wangeona nini?

Tena tunahitaji za miaka kadhaa. Mtaa wenye watu 500 ukipata mauaji 1, kiwango ni 200 kwa kila watu 100,000. Yakiwa 2, kinaruka hadi 400, na mtaa unapachikwa jina baya kwa tukio moja. Modeli za ngazi nyingi hutuliza mruko huo kwa kuupima mtaa pamoja na mingine, lakini hazili hewa.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapo ulipo akaahidi takwimu "ndani ya wiki mbili". Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Baada ya miezi 11 ilikuja karatasi moja, nakala ya nakala, safu ya mwisho imekatwa, na mstari wenye idadi kubwa kuliko yote ukiitwa "Mengineyo". Tuliipokea kwa heshima. Ukipenda kuiona, tunayo.

Hatutaki majina ya watu wala namba za nyumba. Kipande cha barabara kinatosha. Tunaomba faili la jedwali, si picha ya jedwali. Barua tumekwisha kuiandika, imebaki sahihi yako, na kalamu iko mezani mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.