Panda hilo basi, mwanangu

Mbweni, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Sisi hatujambo, na mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea ni "baba niko darasani" kisha basi. Mdogo wako atazipiga picha kurasa zote akutumie, kwa hiyo usije ukaniambia hazikusomeka.

Juzi mwenzako wa chumbani alimpigia mama yako. Usimnunie, kafanya kazi iliyokuwa yako. Kasema umekataa kujiandikisha safari ya basi ya Oldupai na Laetoli, kule Ngorongoro kwenye mabaki ya kale, na kwamba unafikiria kuiacha jiolojia kabisa uombe kuhamia kozi nyingine, kwa kuwa mhubiri wa kikundi chenu cha maombi amefundisha kwamba dunia ina miaka 6,000, na anayeyahesabia mawe mamilioni ya miaka amemkana Muumba wake. Mama yako alifikiri nitafarijika. "Si afadhali anasali," alisema. Nilinyamaza mpaka chai ikapoa.

Mwanangu, panda hilo basi.

Najua wazazi wengi wa Kikristo wana hofu ya kinyume, kwamba mtoto ataenda chuo asome mawe na mifupa, arudi hataki kusikia kengele ya kanisa. Hofu hiyo nami nilikuwa nayo siku ile bandarini, nisikudanganye. Sikuwaza kwamba ungekuja kuyaogopa masomo kwa ajili ya imani. Sijui woga huo umeutoa wapi. Najua. Nitafika hapo.

Kwanza nikurudishie uliyonifundisha wewe mwenyewe likizo iliyopita, maana kama umeyasahau mimi sikuyasahau. Miaka thelathini na zaidi nimechonga jiwe la kisiwa hiki, nimelichoma kwenye tanuu kwa magogo ya mnazi nikapata chokaa, na sikujua kwamba nachoma mabaki ya viumbe. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba jiwe letu ni matumbawe, kazi ya vidudu vya baharini waliojenga nyumba zao juu ya nyumba za waliokufa. Ukaniambia moto unaifukuza hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, na chokaa ikishapakwa ukutani huivuta hewa ile ile irudi, pole pole, mpaka inakuwa jiwe tena. Kazi yangu ya maisha yote uliieleza kwa dakika kumi. Kesho yake nilikwenda kazini nikaushika ukuta kama mtu anayeushika mara ya kwanza.

Ukanieleza na habari ya bahari. Kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, bahari ikawa chini kwa kiasi cha mita 120 kuliko leo, na Unguja ilikuwa imeshikana na Bara, mtu angetoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu. Ndiyo maana kwenye pango la Kuumbi, kule Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya pundamilia. Pundamilia, hapa Unguja! Pemba yenyewe haikushikana na Bara wakati ule, kwa kuwa mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na ndiyo maana ina popo wake na ninga wake wasiopatikana popote pengine. Jumapili iliyofuata, padri alipoanzisha ile zaburi yetu ya asubuhi, isemayo bahari ni yake yeye aliyeifanya, niliiona bahari ikishuka na kupanda mbele yangu, nikashindwa kuimba. Miaka yote nimeimba zaburi ile nikiwaza maji ya Mtoni na ngalawa mbili tatu. Wewe ndiye uliyenipanulia. Leo mtu wa kukupunguzia anakuja, nawe unamfungulia mlango.

Nilikwenda kwa padri kumuuliza hiyo 6,000 imeandikwa wapi. Haikuandikwa. Aliniambia watu wamekuwa wakijumlisha umri wa mababa waliotajwa kwenye Mwanzo, na hesabu iliyopata jina zaidi ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, aliyeandika mwaka 1650 kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye hesabu yake ikachapwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza, na watu wakaizoea mpaka wakaiona ni maandiko. Mzee yule hakuwa mjinga. Alitumia vitabu bora alivyokuwa navyo. Lakini hakuwahi kushika jiwe la Kuumbi mkononi, na pambizo la Biblia halikuandikwa na Musa.

Padri akanisomea na habari za Agostino, Mwafrika kama sisi, mtu wa nchi inayoitwa leo Algeria, aliyekufa mwaka 430. Yeye aliuliza zamani hizo kitu ambacho mimi sikuwahi kukiuliza: jua limetajwa siku ya nne, sasa zile siku tatu za mwanzo zilipimwa kwa nini? Na aliwaonya Wakristo wasizungumze mambo ya mbingu na nchi wasiyoyajua kwa kisingizio cha Maandiko, kwa sababu asiyeamini akiwasikia wamekosea kwenye jambo analolijua yeye vizuri, hatawasadiki watakapomwambia habari za ufufuo. Nilimwomba padri anisomee sehemu ile mara mbili. Hivi huyo mhubiri wenu amemsoma? Muulize, kwa adabu, lakini muulize.

Na mwambie kwamba padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akaongeza kwamba ulitoka kwenye mwanzo mdogo, na alibaki padri mpaka kufa. Hakupenda hata watu waitumie hesabu yake kuithibitisha Mwanzo. Misa ilikuwa na wakati wake, na hesabu na wakati wake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui, kwa sababu sikumwambia mtu yeyote nyumbani.

Nilipokuwa kwenye ukarabati wa Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, mgeni mmoja aliyesoma historia alitueleza kwamba vile vyumba vya chini ya lile jengo la misheni, vile wanavyoshushwa wageni kuonyeshwa walikofungwa watumwa, wapo wanahistoria wanaovitilia shaka. Jengo lenyewe lilikuwa hospitali ya misheni, nalo limejengwa baada ya soko kufungwa, na huenda vile vyumba vilikuwa stoo tu. Mwanangu, nilimkasirikia yule mtu. Niliweka mwiko wangu chini. Nilimwambia bibi wa babu yangu alishushwa kwenye jahazi akiwa mtoto, akaletwa hapa Mbweni na misheni hata kabila lake halijui, na yeye anakuja kutuambia stoo! Nilikwenda kukaa nje kwenye kivuli, na sikurudi mpaka saa ya kuondoka.

Usiku ule sikulala. Nilichokuwa nakilinda ni nini? Soko lilikuwepo. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale sokoni. Walioliona soko kwa macho wameandika. Bibi yetu alikuwepo, na sisi tupo. Machozi yake hayahitaji chumba kile yapate kuwa kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyategemeza kwenye ukuta ambao sikuwahi kuuchunguza, na fundi wa umri wangu alipaswa kujua. Nilirudi pale siku nyingine nikaitazama chokaa ya vyumba vile kwa jicho la kazi, bila hasira, na nikauliza maswali. Sikupoteza kitu. Nimebaki na bibi yangu mzima, na sasa nikisimama mbele ya ile madhabahu siogopi mgeni yeyote atakayekuja na kitabu chake.

Hicho ndicho ninachokuogopea wewe. Unaiegemeza imani yako kwenye ile 6,000, na siku ukuta huo utakapoanguka, na utaanguka, kwa sababu umeshasoma kiasi cha kujua kwamba utaanguka, utadhani Kristo ameanguka nao. Nakuomba, panda basi ukiwa bado una imani. Nenda nayo. Ivushe ikaone mawe.

Mzee jirani, ambaye tumejenga naye pamoja tangu ujana wetu, nilimgusia habari hii tukiwa juu ya jukwaa. Unajua alivyo, halali bila kusali Isha. Alisema, "Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiumba hiyo miaka, iwe elfu au milioni. Inamtisha nani?" Akaendelea kupiga plasta.

Siku ya kisima sitaisimulia. Unaikumbuka kuliko mimi. Nimeandika tu kwamba lile kombe lililokuwa ndani ya jiwe lipo dirishani jikoni, nililiokota jioni ile ile ulipokwisha kulala, na tangu hapo sijaruhusu mtu aliguse. Swali lako lilikuwa zuri, lilikuwa swali la mtu mzima, nami sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu mkono wake huwa mwepesi. Jiwe limetoka chini futi thelathini na bahari iko mbali, mtoto atauliza nini kingine? Kanisa lilimhukumu Galileo mwaka 1633, na ni mwaka 1992 ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipokiri mbele ya watu kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Mimi sina umri wa kungoja hivyo. Kama ulijifunza siku ile kwamba Mungu hukasirika akiulizwa, huyo hakuwa Mungu.

Lakini nawe una makosa yako. Hukutuuliza. Ada ya mwaka wa kwanza niliilipa kwa kuta za watu kule Fumba, na mama yako aliuza vitumbua mpaka mguu ukafura, kisha unataka kutupa yote bila kutuambia neno, tunapata habari kwa mwenzako. Umekuwa msiri. Ukiwa mdogo hukuwa hivyo, au ulikuwa hivyo na mimi sikuangalia.

Unakwenda kuona mambo ambayo ningeyalipia kwa macho yangu. Pale Oldupai ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu lile tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa mgonjwa kambini, wakaliita Zinjanthropus. Zinj, mama! Jina la kale ambalo Waarabu walituitia sisi watu wa pwani hii, lililomo ndani ya jina Zanzibar. Na yule mume, Louis, alizaliwa Kabete kwa wamisionari wa Kianglikana, akataka kwanza awe mmisionari mwenyewe. Na Laetoli kuna nyayo kwenye majivu ya volkeno ya miaka milioni 3.6, za viumbe wa kale wanaotembea wima kama watu, bega kwa bega. Nasikia zenyewe zimefukiwa zisiharibike. Hata hivyo simama pale. Kama utasikia kusali, sali. Mimi ningesali. Ningeuliza pia, Bwana, hawa uliwaita kwa jina gani? Sina jibu la hilo, na sitaki unitungie. Rudi tu uniambie mahali penyewe pakoje.

Na hicho kikundi cha maombi usikiache. Wameshika mkono wako ulipougua, mwenzako kasema, sijalisahau hilo. Usigombane na mhubiri mbele za watu. Nenda kanisani Jumapili, kula kabla ya kwenda.

Fedha ya safari nimemtumia mjomba wako, atakutumia kesho mchana akitoka kazini. Ni ya safari, usimkopeshe mtu. Chukua sweta lile zito na soksi, kule juu Ngorongoro kuna baridi ya kweli, si ya Dodoma. Kama sweta umelipoteza sema mapema, shangazi yako anapanda boti Jumatano, atalinunua Dar akutumie na basi la usiku.

Jikoni tumeezua upande mmoja, mabati yameliwa na chumvi, kwa hiyo mama yako anapikia uani wiki hii na hasira zake unazijua. Paka amezaa ndani ya sanduku lako la vitabu. Vitabu nimevitoa vyote, viko juu ya kabati, hakuna kilicholowa ila kile chenye jalada la kijani.

Mwisho wa kujiandikisha ni Alhamisi, mwenzako kaniambia. Nijibu kabla ya hapo, hata neno moja. Na mama yako anauliza mkeka mpana wa bibi uliuweka wapi, maana wageni wa kipaimara wanakuja Jumamosi na hatuna pa kuwakalisha.

Baba yako