Merlyn alishindwaje kutaja jina la mama?

Ndugu mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu vitabu vya mwandishi Mwingereza T. H. White vya Arthur, mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, vile vinne vilivyounganishwa 1958 vikawa The Once and Future King. Nimevisoma msimu huu tukisubiri mnada wa korosho na kwa kweli vimeniumiza.

Cha kwanza sina neno. Kilitoka peke yake 1938 na utamu wake upo mpaka leo, Arthur akiwa dogo anaitwa Wart, hajui hata kama ni mtoto wa mfalme, mzee Merlyn, mchawi anayemfundisha, anamgeuza samaki, anamgeuza sisimizi, anamgeuza bata bukini ili ajifunze, na pale bata mwenzake anaposhindwa kabisa kuelewa vita ni kitu gani nilirudia kurasa zile mara nyingi.

Sasa njoo cha pili. Huyu Merlyn anaishi kinyumenyume, ya kesho anayajua, alimtahadharisha Arthur mapema habari za mkewe Guenever na shujaa wake Lancelot watakaopendana, halafu jambo moja tu analisahau, kumwambia kijana mama yake ni nani! Jamani. Huku kwetu kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo tangu zamani unafuata mama, baba unaweza usimjue ila mama na wajomba lazima uwajue. Arthur amekua mpaka amevaa taji hajui amezaliwa na Igraine, anakuja Morgause ambaye ni dada yake tumbo moja, analala naye bila kujua na ndipo anapopatikana Mordred. Na kinachonikera zaidi, mwanzoni mwa kitabu hichohicho watoto wa Morgause wako kwao visiwa vya Orkney usiku wanasimuliana habari za bibi yao Igraine, yaani wapwa wanakijua kisa cha bibi na mjomba hamjui mama yake. Kwa mila zetu hao watoto, Gawain na wadogo zake, ndio warithi wa Arthur, ni watu wa kukaa naye karibu awaelekeze, lakini White anawaacha wakue na chuki ya mama yao, mama mwenyewe kamchora anachemsha paka akiwa hai kwa ajili ya uchawi ambao hata haumalizi. Mwanamke hakupewa nafasi ya kueleza kilichompata.

Halafu Merlyn anafungiwa na Nimue, msichana aliyempenda, anatoka kwenye hadithi, matatizo yote anaachiwa Arthur. Kitabu cha nne ndo tunaambiwa kwamba ili Mordred afe akiwa mchanga walitoswa baharini vichanga kibao, na hilo linapitishwa kwenye maongezi tu, Arthur anamweleza Lancelot na Guenever yakaisha. Mimi nilifunga kitabu pale. Vichanga wale nao walikuwa na mama zao, White hajaandika hata mmoja wao akilia.

Kuna cha tano kilitoka 1977 White akiwa ameshafariki, Merlyn anarudi usiku wa kuamkia vita, nikasema sasa atawakalisha Arthur na mwanawe, wapi, anampeleka tena kwa wanyama wakajadili tabia za binadamu, na Mordred yuko nje na jeshi.

Kama kuna msomaji anajua riwaya ya Arthur ambayo mjomba na wapwa walikaa wakaongea naomba aitaje hapahapa gazetini, nitaitafuta.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara