Barua ya wazi kwa Kamishna Rob Manfred: turudishie mechi ya 163

Mzee Manfred, bosi wa ligi kuu ya besiboli Marekani, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania naishi Minneapolis, besiboli nimejifunzia hukuhuku, mwanzoni niliona kama rede ya watu wazima kumbe wapi. Najua hutaisoma hii ila ngoja niandike tu maana imenikaa rohoni tangu Septemba 28, 2025.

Siku ile ndo msimu wa kawaida uliisha. Mets wa New York kapigwa 4-0 kule Miami, Reds wa Cincinnati naye kapigwa 4-2 na Brewers, wote wakamaliza na ushindi 83 vipigo 79 na nafasi ya mtoano imebaki moja. Zamani hapo ingechezwa mechi ya 163, yaani moja ya ziada juu ya zile 162 za msimu, wanakutana, anayefungwa anafungasha virago. Lakini nyie mmeifuta tangu 2022 mlipoongeza timu za mtoano kufika 12, sikuhizi mnaangalia matokeo ya wao kwa wao kama ligi za mpira wa miguu, Reds alishamfunga Mets mara 4 kati ya 6 basi kapita. Yani kafuzu siku aliyofungwa, kwa mechi za Julai na za mwanzoni mwa Septemba!

Mzee, mimi nilionjeshwa utamu mapema. 2009 Tigers wa Detroit walikuwa mbele kwa mechi 3 zimebaki 4, wakateleza, Twins wetu wa hapa Minneapolis wakawafikia. Mechi ikachezwa Jumanne badala ya Jumatatu kwa sababu uwanja wa Metrodome Jumatatu ulikuwa na Vikings na Packers, timu za futiboli ya Kimarekani (huku hata besiboli inaisubiri, we acha tu). Raundi 9 zikaisha sare, ya 10 kila mmoja akapata pointi moja, mpaka ya 12 ndo Alexi Casilla akapiga mpira ukapenya, Carlos Gómez akakimbia mpaka kituo cha mwisho akapata pointi, 6-5. Nilikuwa nimesimama muda wote, niko sebuleni kwa jirani.

Na kabla ya hapo 2008 tulilia. Twins alikuwa kamfunga White Sox mara 10 kati ya 18 lakini nani awe mwenyeji ikaamuliwa kwa kurusha shilingi, tukaenda Chicago, Jim Thome akautoa mpira nje ya uwanja mara moja tu, 1-0, kwaheri. Iliuma jamani ila hakuna aliyeuliza kwanini tumetoka, tulifungwa tukaona. Mwaka uliofuata shilingi ikaondolewa, mwenyeji akawa yule aliyeshinda wao kwa wao, na hapo mlipatia kabisa, mngeishia hapohapo.

Utasema ratiba inabana. Sawa, 2018 zilichezwa mbili siku moja, Brewers na Cubs, Dodgers na Rockies, na waliofungwa bado wakaingia mtoano, za namna hiyo za kugombea nani aongoze kundi malizeni kwa hesabu zenu sina neno. Mimi naomba ile moja tu ambayo mmoja anaendelea na mwingine anarudi kwao. Aliyeshinda wao kwa wao awe mwenyeji, Jumatatu ichezwe, Jumanne mtoano uanze, na tiketi najua mtamaliza zote.