Risala ya Klabu ya Sayansi na Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiswahili Duniani, Gulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wetu wa moyo uliyeondoka Kampala alfajiri ili uwe nasi leo,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni na karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianzishwa na walimu wawili, mmoja wa fizikia na mwingine wa Kiswahili. Kila mwaka tunachagua jambo moja la sayansi, tunalisoma mpaka tulielewe, kisha tarehe 7 Julai tunalieleza kwa Kiswahili mbele ya wazazi wetu. Wengi wetu hapa Gulu tulikisikia Kiswahili sokoni na kambini kabla ya kukikuta darasani, kwa hiyo kukitumia kuelezea fizikia ni kazi tuliyoianza karibu na sifuri. Mwaka huu tulichagua kupiga picha za moyo kwa mashine za MRI zenye sumaku kali mno, zile za tesla 7; tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku.

Chimbuko la uchaguzi huo liko nyumbani kwetu. Mimi ninayesoma risala hii nina mdogo wangu wa kike. Alianza kuchoka kabla hata hatujafika kisimani, na kwa miezi mingi tuliambiwa ni malaria. Siku moja walikuja watu wenye mashine ndogo ya eko, ya kubebwa mkononi, inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Walimpaka ile jeli kifuani, akashtuka kwa baridi yake, akacheka. Kwenye skrini niliiona vali ya moyo wake, yaani mlango mdogo wa kupitishia damu, ikipiga, haifungi sawasawa, na damu kidogo inarudi ilikotoka, imeonyeshwa kwa rangi. Ulikuwa ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ule unaoanzia kwenye koo linalouma bila kutibiwa. Nilimuuliza aliyempima kama nyama ya moyo nayo imeumia. Akanijibu kwamba eko inaiona vali vizuri, lakini anayetaka kujua hali ya nyama yenyewe hutafuta MRI. Jibu hilo nilikwenda nalo klabuni, na ndilo tulilolisoma mwaka mzima.

Kabla sijaendelea, Mheshimiwa, niseme jambo ambalo watu wa Gulu wanastahili kulisikia likisemwa hadharani. Utafiti ulioonyesha kwamba sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne huzuia ugonjwa huu usizidi kwa watoto ambao bado haujawachachamalia ulifanyika hapahapa kaskazini mwa Uganda. Jina lake ni la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, yaani kulinda moyo wa mtoto. Waliandikishwa watoto na vijana 818. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umezidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Matokeo hayo leo yanasomwa na madaktari wa dunia nzima. Mdogo wangu anachomwa sindano hiyo, nami ndiye ninayemsindikiza.

Uganda ina historia ndefu na nyama ya moyo. Mwaka 1948 Dakta J.N.P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alieleza ugonjwa ambao ukuta wa ndani wa moyo hugeuka kovu nene mpaka moyo unashindwa kutanuka na kupokea damu. Alikuwa mtaalamu wa kuchunguza maiti, hivyo kovu lile aliliona pale tu mgonjwa alipokwisha kufa. Tulipolisoma hilo, darasa lilinyamaza. Siku hizi MRI ya kawaida, mgonjwa akidungwa dawa ya gadolini, huonyesha kovu la moyo kwa mtu aliye hai, anayepumua na kuzungumza. Sisi tunaona hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyosifiwa.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi? Mwili wetu umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni, nayo ndani ya sumaku huyumba kama pia ya kuchezea inayozunguka. Kwenye sumaku ya tesla 1.5, ambayo hospitali nyingi duniani huitumia, huyumba takriban mara milioni 64 kwa sekunde. Kwenye tesla 7 ni karibu mara milioni 298. Sumaku ikiwa kali zaidi, protoni hutoa ishara yenye nguvu zaidi, na ishara yenye nguvu huleta picha kali yenye chembe ndogo. Kulinganisha tu, tesla 7 ni zaidi ya mara 100,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Nyaya za sumaku hiyo hupozwa kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri, umeme upite bila kizuizi.

Sisi tulidhani kazi imeishia hapo: nunua sumaku kali, pata picha nzuri. Tulikosea, na kosa hilo ndilo lililotufundisha zaidi.

Ubongo hutulia, lakini moyo haukai. Ili picha isivurugike, mashine lazima ijue kila pigo linaanza lini, na kwa kawaida hutegemea ECG, ule umeme mdogo wa moyo unaopimwa kifuani. Sasa damu ina chumvi, na chumvi ina chaji za chanya na hasi. Damu inapopita kwa kasi kwenye mshipa mkuu ndani ya sumaku kali, chaji za chanya husukumwa upande mmoja na za hasi upande mwingine. Wanafunzi wa kidato cha nne, hiyo ni kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming, ileile ya mtihani! Umeme huo mpya huingilia ECG, na mashine hukosea kusoma pigo. Moyo wenyewe, kwa kusukuma damu, unaiharibu saa ya kuupiga picha.

Watafiti wa Berlin, kwenye kituo cha Max Delbrück, walitafuta njia nyingine: waliusikiliza moyo. Sauti haisumbuliwi na sumaku. Walitumia sauti ya kwanza ya pigo, ile ya vali zinapofunga, kuiambia mashine wakati wa kupiga picha. Jambo hilo lilitufurahisha kiasi kwamba tulilijaribu kwa vifaa vyetu. Tulichukua faneli ya kumiminia mafuta ya taa, tukaisafisha, tukaiunga na kipande cha mpira wa maji, na upande wa pili tukaweka simu ya mwalimu irekodi. Faneli ikakaa kifuani kwa mwanachama mmoja aliyekuwa ametoka kukimbia. Kwenye skrini ya simu michirizi ikatokea miwili miwili, du-dup, du-dup, na kila mmoja wetu aliweza kunyoosha kidole akasema: hapa ndipo ningepiga picha. Kifaa hicho kipo pale mezani, Mheshimiwa, karibu ukijaribu.

Kuna tatizo la pili. Mawimbi ya redio yanayotumwa mwilini kwenye tesla 7 hupungua urefu yakiingia kwenye nyama, yakawa kama sentimita 13. Kifua cha mtu mzima ni kipana kuliko hapo, kwa hiyo mawimbi hukutana ndani na kufutana, na sehemu ya moyo ikatoka nyeusi. Tulilionyesha kwa beseni la maji na vidole viwili. Dawa yake ni kutumia antena nyingi kuzunguka kifua, kila moja ikirekebishwa peke yake, huku wakichunga mwili usipate joto kupita kiasi.

Kwa sababu hizo, mashine ya kwanza ya tesla 7 iliyoruhusiwa kwa matibabu Marekani mwaka 2017 iliruhusiwa kwa kichwa, mikono na miguu. Moyo ulibaki kazi ya watafiti. Wa Oxford, kwa mfano, wanatumia sumaku hiyo kusikiliza fosforasi badala ya haidrojeni, na hivyo kupima akiba ya nishati ndani ya nyama ya moyo unaodunda, bila kisu wala sindano.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Mwaka 2022, huko Mbarara, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pamoja na wenzao kutoka nje waliunganisha wenyewe mashine ya MRI yenye sumaku ndogo sana, chini ya tesla 0.1, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Haiwezi kuupiga picha moyo. Lakini mikono ya Wauganda imeshafunga sumaku za MRI, na mwanachama wetu mmoja amekwisha kuapa kwamba atakwenda kusoma hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu hatutazirefusha. Maabara haina hata stethoskopu moja. Maneno mengi ya fani hii hayana Kiswahili kilichokubalika, nasi tumekuwa tukibishana kama tuseme koili au antena. Tunakuomba utusaidie stethoskopu mbili, utufungulie mlango tukaione MRI yoyote ikifanya kazi, hata ya tesla 1.5, na kubwa kuliko yote, utuletee eko siku moja ipime wanafunzi wa shule hii wote. Tunaamini hapa uwanjani wapo wengine wanaochoka kabla ya kufika kisimani.

Zawadi yetu ni kikapu cha simsim na asali ya Acholi. Atakayekukabidhi ni mdogo wangu, yule aliyekaa safu ya mbele mwenye sweta ya kijani. Ameniomba nikuarifu kwamba ana swali lake kuhusu nyama ya moyo, ameliandika mwenyewe, na hataki nimsomee.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Sayansi na Kiswahili