Ardhi ya wawekezaji: mchoro wa shamba uingie kwenye mkataba

Mhariri,

Mjadala wa ardhi kubwa inayokodishwa kwa wawekezaji wa kigeni huishia kwenye hekta ngapi na kwa miaka mingapi. Kwa nyuki, ndege na miti, kinachoamua zaidi ni mchoro wa shamba na jinsi ardhi inavyofyekwa, mambo ambayo mara nyingi huachiwa mkandarasi baada ya mkataba kutiwa saini.

Tuanze na ule mtambo wa kumwagilia unaozunguka kama akrabu ya saa. Mkono wake ukiwa na mita 400, hunywesha duara la hekta 50 hivi ndani ya mraba wa hekta 64. Hekta 14 za pembeni hazipati tone. Mitambo minne ikipangwa bega kwa bega, pembe nne hukutana katikati na kufanya kipande kimoja cha hekta 14, ambacho kinatosha kubakiza vichaka, vichuguu na miti mikongwe yenye mapango ya nyuki. Lakini dereva wa tingatinga akiambiwa asafishe mraba, atausafisha wote, na pembe zitageuka maegesho ya matrekta na malundo ya visiki. Ndani ya duara hakuna ujanja: magurudumu ya mtambo hayapandi kichuguu, kwa hiyo vyote husawazishwa pamoja na miti iliyoota juu yake.

Halafu kuna mizizi. Miti mingi ya miombo ikikatwa kwa shoka huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi. Tingatinga likishapitisha meno yake marefu ardhini, chanzo hicho hakipo tena. Ndiyo maana mradi uliokufa unaweza kuacha hasara kubwa hata kama haukuvuna gunia moja. Gambella, Ethiopia, kampuni moja ya kigeni ilikodishiwa hekta 100,000. Kufikia 2015 serikali ilipouvunja mkataba, sehemu ndogo tu ilikuwa imelimwa. Eneo hilohilo la Gambella ni mapito ya swala wa masikio meupe wanaohama kwa makundi makubwa kati yake na Boma, Sudan Kusini.

Wanyama wa namna hiyo hukosekana kwenye tathmini ya mazingira kwa sababu rahisi: wapimaji walikwenda mara moja, tena msimu ambao barabara inapitika. Bonde lisilo na mnyama mwezi huu linaweza kuwa malisho yao pekee miezi minne baadaye. Upimaji ufanyike masika na kiangazi, vinginevyo ardhi ya msimu itaandikwa kuwa "tupu".

Wazawa nao hufyeka, hilo halina ubishi. Tofauti ni kwamba mikataba mingi ya wageni ina kifungu kinachoilinda kampuni dhidi ya sheria mpya: serikali ikikaza masharti ya mazingira baadaye, inaweza kudaiwa fidia. Kwa hiyo ramani ya pembe zisizofyekwa na ya mapito ya wanyama iwe kiambatisho cha mkataba wenyewe, si cha ripoti ya tathmini tu. Ufyekaji nao uende kwa awamu: kipande cha pili kisiguswe kabla cha kwanza hakijapandwa na kuvunwa, na dhamana ya fedha za kurudisha uoto iwekwe benki kabla tingatinga halijawashwa.